Maili Kumi za Sultani na Njia ya Mgunda Mkali

Msafiri aliyetoka Bagamoyo karne moja na nusu iliyopita, akapanda Usagara, akapita Mpwapwa na kuimaliza Ugogo, alifika mahali ambapo wapagazi walianza kuchota maji kwa hofu. Mbele yao ulikuwa Mgunda Mkali, pori la miiba na vichaka lililoanzia karibu na Mdaburu na kuendelea magharibi hadi Tura, kwenye mlango wa Unyamwezi. Sehemu kubwa ya pori hilo leo imo katika Mkoa wa Singida, upande wa Manyoni na Itigi. Burton na Speke walilipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na kabla yao na baada yao walipita Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi wasiohesabika, wale ambao safari zao hazikuandikiwa vitabu. Kila pembe ya ndovu iliyoshuka kutoka Tabora kwa njia hiyo ya kati, kwa bega la mpagazi, ilipita hapa au kandokando ya hapa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba njia hii iliitwa ya Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu ndiyo iliyotangulia misafara, lakini aliyeipita alilipa hongo kwa watu wengine. Watemi wa Ugogo walitoza nguo, shanga na waya wa shaba kabla ya kuruhusu mtu kuteka maji kisimani. Huko mbele, Wakimbu waliolifyeka pori na kuanzisha vijiji nao wakadai chao. Hawakuwa wanyang'anyi kama baadhi ya wazungu walivyowaandika. Nchi ilikuwa yao na visima walivichimba wao, na katika ukame wa nyanda zile kisima ni mali kuliko pembe. Mfanyabiashara wa Unguja alilalamika, akapunguziwa, akalipa, akaenda zake. Hakuna aliyeona ajabu kwamba mtu abebe bendera ya mfalme mmoja na kulipa kodi kwa mwingine.

Dola ya Zanzibar ilijengwa juu ya maafikiano ya namna hiyo. Ilikuwa dola ya bandari na ushuru, na nguvu yake huko bara ilikuwa ni mkopo, bunduki na ukoo. Msemo maarufu wa zumari lipigwalo Unguja na kuchezwa kwenye Maziwa Makuu ulikuwa na ukweli, ila ukweli wake ulikuwa wa biashara zaidi kuliko wa utawala. Sayyid Barghash mwenyewe alilijua hilo. Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871 na kuifunga njia, Sultani alipeleka jeshi likala mali nyingi na kurudi bila ushindi. Baadaye, chini ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyemwajiri kuunda jeshi la kisasa, aliweka askari Mamboya, katika milima ya Usagara. Tabora kulikuwa na liwali. Baina ya Mamboya na Tabora, yaani Ugogo yote, Mgunda Mkali na nchi za Wanyaturu na Wanyiramba zilizoko kaskazini yake, hapakuwa na askari wa Sultani hata mmoja wa kudumu.

Pengo hilo ndilo lililokuja kupimwa kwa kipimo cha watu wengine.

Udhaifu wa dola haukuanzia bara. Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini mwezi Oktoba 1856, na wanawe wakagombea urithi: Thuwaini alikuwa Maskati na Majid alikuwa Unguja. Mwamuzi alikuwa Lord Canning, mtawala wa Uingereza huko India, naye tarehe 2 Aprili 1861 aliikata milki mapande mawili na kuamuru Zanzibar iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa zikatangaza kwamba zitauheshimu uhuru wa nchi zote mbili. Atakayesoma vizuri ataona kwamba uhuru uliohitaji tangazo la wageni wawili ulikuwa tayari umeingia mashaka.

Kisha misiba ikafuatana. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1873 balozi John Kirk alimlazimisha Barghash, kwa tishio la kuzingirwa kwa manowari, kutia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Kwamba biashara ile ilistahili kufa hakuna mwenye akili atakayebisha. Lakini tangu siku hiyo kila mtu mjini alijua sauti ya mwisho inatoka nyumba gani. Mwaka 1875 Khedive Ismail wa Misri alipeleka merikebu zikateka Barawa na Kismayu, na zilizomwondoa si meli za Barghash bali shinikizo la London. Mtu anayelindwa na jirani mmoja dhidi ya jirani mwingine huwa ameshaweka nyumba yake rehani.

Rehani hiyo ilidaiwa miaka tisa baadaye. Novemba na Desemba 1884 kijana wa Kijerumani, Carl Peters, aliingia bara kwa siri na kukusanya alama za vidole na misalaba ya machifu wa Useguha, Nguru, Usagara na Ukami juu ya karatasi walizoandikiwa kwa lugha wasiyoijua. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake Kaiser Wilhelm wa Kwanza akazitilia muhuri karatasi hizo. Barghash alipinga kwa waraka. Alimtuma Mathews hadi Kilimanjaro akapate ahadi za utii kwa machifu wa huko, nao wakazitoa. Jibu lilikuja Agosti 1885, manowari za Ujerumani zilipotia nanga mbele ya kasri lake na kuielekezea mizinga. Alimtazama Kirk, na Kirk, kwa amri ya serikali yake, alimshauri akubali. Akakubali.

Ndipo ikaundwa tume ya kupima milki ya Sultani: Mjerumani, Mwingereza na Mfaransa. Mwingereza alikuwa Kitchener, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa vita vya Sudani. Sultani mwenye mali hakuwa mjumbe. Tume ilisafiri kwa bahari ikitua bandari kwa bandari, ikiuliza nani anaweka liwali hapa, nani anatoza ushuru. Ilikuwa ni kuupima mti kwa kutazama mizizi iliyojitokeza ufukoni. Hakuna mjumbe aliyepanda hadi Mdaburu kuuliza hongo hulipwa nani na kwa nini. Na lau angepanda, jibu lingewafaa Wajerumani: Sultani hatawali hapa. Lakini jibu hilohilo, kwa haki, lingewaondoa na Wajerumani wenyewe, maana kama hongo ni dalili ya mamlaka, basi mamlaka yalikuwa ya watemi. Swali hilo halikuulizwa mahali popote.

Mapatano ya Oktoba na Novemba 1886 baina ya London na Berlin yalimwachia Sultani Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi tangu mto Minengani hadi Kipini, na miji ya Benadiri tangu Kismayu hadi Warsheikh. Bara iliyobaki iligawanywa kwa mstari uliotoka mdomo wa mto Umba, ukaizunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, ukaishia Ziwa Viktoria. Kusini ya mstari ni ya Ujerumani. Kwa sentensi hiyo moja Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo na Wakimbu waliingia katika milki ya watu wasiopata kuwaona. Barghash aliridhia Desemba. Wareno, jirani wa kusini, hawakutaka kuachwa nyuma. Februari 1887 wakaitwaa Tungi kwa nguvu. Mwezi Machi 1888 Barghash akafa, na mwezi uliofuata ndugu yake Khalifa akaikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Kijerumani kwa miaka 50.

Vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri vilivyofuata vinajulikana, na hapa havihitaji kurudiwa. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Lisilosemwa sana ni kilichotokea njiani. Mwaka 1890 Peters yuleyule alirudi kutoka Uganda kwa njia ya bara na kupita Ugogo. Alipodaiwa hongo alijibu kwa risasi na kuchoma vijiji. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo ukatiwa saini mkataba wa Heligoland: Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na Ujerumani ikalichukua moja kwa moja lile ukanda la maili kumi lililokuwa mbele ya milki yake, kwa malipo ya marki milioni nne kwa Sultani. Wataliani nao walikodi Benadiri, wakainunua mwaka 1905. Hivyo kila kipande cha pwani kilikuwa na bei, ndogo au kubwa, na hati ya mapokezi. Kwa Mgunda Mkali na nchi zilizo kaskazini yake hakuna aliyelipa chochote, kwa kuwa aliyenyang'anywa hapo hakuwa akihesabiwa katika mazungumzo.

Katika miaka iliyofuata Wajerumani walijenga boma Kilimatinde, kwenye ukingo wa bonde pale njia ya misafara ilipopandia, na kutoka hapo wakaanza kudai kodi kwa Wanyaturu. Hongo ilikuwa imegeuka mwelekeo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wanyaturu walisimama dhidi yao, na kumbukumbu ya Singida imelihifadhi jina la mwanamke, Liti, ambaye inasimuliwa kwamba aliwatumia nyuki dhidi ya askari kabla hajauawa. Uwanja wa mpira wa mjini Singida umepewa jina lake. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, ilikuwa imekwisha kulipasua pori lote la Mgunda Mkali, na mizigo ikapita Manyoni na Itigi bila kusimama kuomba maji kwa mtemi yeyote.