Boti ya Ndoto kwenye Ziwa la Upepo

Boti ya ndoto yangu ni nyeupe, ya fiberglasi, pua imeinuka, na nyuma kuna mashine ya Yamaha ya nguvu za farasi 40. Picha yake imekaa kwenye simu yangu miaka mitatu. Sasa pesa zimeanza kuonekana. Sisi binamu watano tuna chama hapa Lodwar, shangazi yetu anayeuza samaki Kakuma ameahidi kutuongezea, na mjomba wa Kalokol atatupa mabaharia wawili wa kwanza, yaani wanawe wa kuzaa. Kwa hivyo nimeacha kuangalia picha nikaanza kusoma historia. Ziwa hili limeshachaguliwa boti na watu wenye pesa na akili kuliko sisi, na si wote waliorudi.

Tuanze na ziwa lenyewe. Turkana lina urefu wa karibu kilomita 250 na halina mto hata mmoja unaotoka. Maji yake mengi yanaletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia. Lakini mwenye ziwa ni upepo. Unavuma kutoka kusini-mashariki, mara nyingi unakaza usiku na asubuhi, halafu unatulia jua likielekea kushuka. Upande wa pili, si mbali na Loiyangalani, upepo huohuo ndio ulioleta mitambo 365 ya umeme iliyozinduliwa rasmi 2019. Ukiweza kuzungusha mitambo yote hiyo, hautashindwa na boti ya chama.

Chombo cha kwanza kuelewa jambo hilo hakikuwa na mashine. Waturkana walioishi kwa uvuvi, na Waelmolo wa ng'ambo, walifunga magogo ya mkoma pamoja wakapata chelezo. Ukikipanda unalowa. Ni kizito, hakiendi mbali, na magogo yananyonya maji mpaka yachoke. Ila kina sifa moja ambayo boti yangu nyeupe haina: hakina tumbo la kujaa maji. Wimbi linapita juu na kati ya magogo, na chelezo kinabaki pale pale. Waliokitengeneza walitoa kasi na ukavu, wakabaki na uhai. Hayo ni mahesabu, tena magumu, ingawa hakuna aliyeyaandika kwenye karatasi.

Mwaka 1934 mwanajiolojia Mwingereza, Vivian Fuchs, aliongoza msafara wa utafiti hapa, enzi zile ziwa likiitwa Rudolf. Wenzake wawili, Martin aliyekuwa mpima ardhi na Dyson aliyekuwa daktari, walivuka kwa boti mpaka Kisiwa cha Kusini. Siku walizokubaliana zikapita. Wakatafutwa, hawakuonekana tena. Fuchs huyohuyo ndiye aliyekuja kuongoza watu wa kwanza kuvuka bara la Antaktika kwa nchi kavu, 1957 hadi 1958. Hakuwa mzembe. Lakini fikiria: hakuna mto wa kukuleta kwenye ziwa hili kutoka baharini. Boti yoyote ya wageni wakati ule ilibidi isafirishwe nchi kavu, jangwani, na kitu cha kusafirishwa hivyo huchaguliwa kwanza kwa wepesi wake. Safari ya barabarani inaanza kuamua jambo ambalo lilipaswa kuamuliwa na maji.

Halafu wakaja Wanorwe. Mpango wao wa miaka ya 1970 ulitaka wafugaji wa Turkana wapate kazi kwenye samaki, na ukajengwa Kalokol, kando ya Ghuba ya Ferguson, kiwanda cha kugandisha minofu kwa ajili ya kuuza nje. Gharama inayotajwa ni takriban dola milioni 22. Kilifanya kazi siku chache tu. Kupoza mafriza katika joto hili kulikula pesa nyingi mno, na maji safi yalihitajika kwa wingi mahali ambapo watu wenyewe wanayatafuta. Miaka hiyo ya 1980 ziwa likashuka, na ghuba yenyewe ikakauka. Watu hupenda kukicheka kiwanda kile. Mimi sicheki, kwa sababu nikikitazama naona Yamaha yangu: kitu kizuri kilichonunuliwa bila kuuliza nani atakilisha kila siku.

Basi nikapiga hesabu zangu. Mashine ya farasi 40 ikikazwa mwisho inakunywa petroli zaidi ya mara mbili ya ile ya 15. Nilijitetea kwamba kasi ni usalama: upepo ukianza, unakimbia. Mjomba akaniuliza swali moja tu, "Utakimbia na nyavu au utaziacha?" Ndipo nikaelewa. Boti nyepesi ikisukumwa na mashine kubwa inapanda juu ya maji na kuteleza. Ijaze nyavu mbichi, samaki na watu wanne, inakaa ndani ya maji na kuyalima, na farasi wale wa ziada wanageuka kuwa kelele na moshi. Kasi niliyokuwa nainunua ni ya boti tupu.

Na kasi ya nini? Samaki wa shangazi wanakaushwa juani na kutiwa chumvi. Wanatoka Kalokol, wanapita Lodwar, wanaenda kama kilomita 120 zaidi mpaka Kakuma, ambako kambi imekuwepo tangu 1992 na wateja wake wametoka Sudan Kusini, Kongo, Burundi na kwingineko. Samaki mkavu hana haraka. Ni kiwanda ndicho kilichokuwa na haraka.

Kwenye kibanda cha shangazi nilimwonyesha picha yangu mzee mmoja Mkongo, aliyekulia Fizi, kando ya Tanganyika. Alivuta simu karibu. "Mutoto yangu, hii ni fupi. Maji haiogopaki mashini." Akanieleza jinsi kwao wanavyounganisha mitumbwi miwili kwa miti, wakavua dagaa usiku kwa taa, na upana ule ndio unaowashika juu. Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni kama chelezo chetu." Akacheka, akasema maji ni yaleyale.

Hakuna boti isiyo na kasoro, ndugu msomaji. Ya mbao ikikaa ufukweni juani inapasuka maungo na kudai kalafati kila mara. Ya fiberglasi haipasuki hivyo, lakini ikitoboka, dawa ya kuiziba inatoka mbali. Chini pakiwa bapa, unaivuta mchangani bila shida, ila mawimbi mafupi ya hapa yanaipiga makofi. Chini pakiwa pamechongoka, inakata wimbi, lakini inakwama kwenye kina kifupi. Na tangu maji yalipopanda upya miaka hii, kuna miti ya mathenge iliyozama karibu na ufuko, inayosubiri nyavu na panga za mashine.

Kikao cha mwisho cha chama tumekubaliana hivi. Boti ya mbao, ndefu na pana, fundi aijengee Kalokol mbele ya macho ya mjomba. Mashine ya farasi 15. Tanga na makasia ndani, kwa siku plagi itakapokataa. Pesa iliyobaki baada ya kuziacha farasi 25 inanunua jaketi za kuokolea, moja kwa kila atakayepanda, na iliyosalia inakaa kando kwa spea. Binamu mmoja amelalamika kwamba haitapendeza kwenye picha, na ni kweli. Shangazi ameongeza sharti lake kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa: asubuhi yenye upepo boti haitoki, hata kama wateja wa Kakuma wamelipa. Nimeliandika kwenye kitabu cha chama, chini ya bei ya mbao, na wana wa mjomba wametia sahihi.