Udiwani katika Tinde: Habari za Kuchagua na Kuchaguliwa katika Mji wa Lugha Mbili

Tinde ni mji mdogo wa Shinyanga, nao umekaa penye njia panda. Barabara itokayo Nzega ikifika hapo hugawanyika: mkono mmoja washika kaskazini kwenda Shinyanga na Mwanza, na mkono wa pili waelekea magharibi kwenda Isaka na Kahama, hata mpaka wa Rwanda. Kwa sababu hiyo mji una watu wa namna mbili. Wako wenyeji, wakulima na wachungaji wa ng'ombe, ambao lugha yao ni Kisukuma. Na wako waliokuja na barabara, wenye maduka na wenye malori na wapishi wa hoteli, ambao kwao Kiswahili ndicho cha kuuzia na kununulia. Ukisimama penye malori hutasikia ila Kiswahili. Ukitembea nusu saa tu kuelekea mashambani, salamu ni Mwangaluka, na bibi kizee atakayekujibu huenda asifahamu neno jingine utakalomwambia kwa lugha ya barabarani.

(Wataalamu wa maradhi walilijua jina la Tinde zamani kuliko wanasiasa. Katika miaka ya 1930 palikuwa na maabara hapo ya kuchunguza malale, na jaribio lililofanywa kwa mbung'o na kondoo kwa muda wa miaka kumi na minane huitwa hata leo katika vitabu vyao kwa jina la Tinde. Lakini hayo si shauri letu leo.)

Shauri letu ni hili: mtu wa Tinde akitaka kuwa diwani, hupimwa kwa mizani mbili. Sheria ya uchaguzi wa serikali za mitaa ya 1979 ilitaka awe raia aliyetimiza miaka 21, mkazi wa mahali pale, mwenye njia ya halali ya kupata riziki, na ajuaye kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Kisukuma hakikutajwa, wala lugha nyingine yo yote ya makabila. Lakini wale watakaompa kura humpima kwa Kisukuma, tena kwa desturi zilizokuwapo kabla ya sheria hiyo. Twataka kueleza jinsi mizani hizo mbili zilivyopata kuwekwa mahali pamoja.

Tuanze na maneno yenyewe, maana yana historia. Diwani ni neno lililotoka Uajemi na Uarabuni, nalo lilitumika pwani ya Mrima, kama Bagamoyo na Saadani, kuwa cheo cha wakubwa wa miji. Wakubwa hao hawakupata cheo kwa hesabu ya kura za watu wote, bali kwa ukoo na kwa ada. Baraza lilikuwa kwanza kiti cha udongo au mawe mbele ya nyumba, mahali pa kupokea wageni. Kura ilikuwa njia ya kubahatisha, kama walimu wenzetu wanavyokumbuka katika habari za kuchaguliwa kwa Mathiya. Na kugombea? Asili yake ni kugomba, ndiko kuteta na kukaripia. Hivyo mgombea, kwa asili ya neno, ni mtu aingiaye katika ugomvi kwa ajili ya kitu akitakacho. Maneno yote manne yalipanda kutoka pwani pamoja na misafara na serikali, nayo hayakukuta mahali patupu.

Usukumani palikuwa na mtemi. Wazee hueleza jina lake kwa kitendo cha kutema, yaani kukata: ndiye aliyekata pori la kwanza, tena ndiye akataye mashauri. Utemi ulikuwa wa ukoo, na zamani ulipita kwa upande wa dada, mpwa akamrithi mjomba. Lakini katika ukoo huo walikuwamo wengi waliostahili, na waliochagua ni banang'oma, wazee wa baraza la utemi. Walifanya shauri lao kwa siri. Anayetakiwa hakupita nyumba kwa nyumba kujisifu. Angefanya hivyo, wangemwona hafai. Chini ya mtemi walikuwako banangwa, wakubwa wa vijiji.

Lakini alikuwako mwingine, na kwa habari zetu huyu ndiye wa maana zaidi: nsumba ntale. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao cha kulima pamoja na kusaidiana, nao walimchagua mkubwa wao wenyewe, wala hakuwekwa na mtemi. Yeye aliwaita kazini. Akafikisha maneno yao kwa wakubwa. Na mtu aliyejitenga na kazi za wenzake aliweza kutengwa, asipewe msaada wala moto. Wasemao kwamba uchaguzi uliletwa Usukumani na Waingereza hawakuuliza habari za nsumba ntale. Alichaguliwa kwa kuwa watu walikwisha kumwona akilima, akicheza ngoma na kusema. Hakuwa na haja ya kuwaeleza yeye ni nani.

Waingereza, tangu amri ya utawala wa wenyeji ya 1926, waliwashika watemi wakawafanya vyombo vya serikali, na Tinde ilikuwa mojawapo ya temi hizo za Shinyanga. Mwaka 1945 Mtemi Kidaha Makwaia wa Busiya, katika wilaya hiyo hiyo, na Mtemi Abdiel Shangali wa Machame waliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, Waafrika wa kwanza kufika huko. Wote wawili waliteuliwa na Gavana; hawakupigiwa kura. Baada ya vita temi za Usukuma, kama hamsini, ziliunganishwa katika shirikisho moja, makao yake Malya, na mabaraza yakapangwa ngazi kwa ngazi toka kijijini hadi Malya, na wajumbe wa watu wa kawaida wakatiwa ndani. Yalikuwa mabaraza mazuri kwa kutazamwa. Ila katika miaka ile ile serikali ilikuwa na mpango wake mkubwa wa kuiponya ardhi ya Usukuma, nao ulikuja na amri za matuta, za kupunguza ng'ombe, na za kodi juu ya mifugo, na amri hizo zilipitishwa kwa mabaraza hayo hayo. Basi mjumbe aliyepaswa kupeleka maneno ya watu juu alionekana akileta maneno ya bwana shamba chini. Hapo ndipo baraza lilipopoteza heshima yake, kwa maoni yetu, zaidi ya mahali pengine po pote.

Matunda yake yalionekana Geita mwaka 1958. Serikali ilitaka halmashauri ya wilaya iwe ya mataifa yote, Wazungu na Waasia wakae pamoja na Waafrika, katika wilaya ambayo wageni hao walikuwa wachache mno. Watu walikataa. Walifika Mwanza kwa mamia kwa mamia kupeleka shauri lao, wakakaa huko hata polisi wakawatawanya kwa moshi wa kutoza machozi. TANU, ambayo tangu 1954 ilikuwa imekatazwa kufanya kazi Usukumani, iliruhusiwa tena mwaka ule ule, na halmashauri ile ya mataifa haikusimama. Watu wa Geita hawakukataa kuwa na baraza. Walikataa baraza ambalo hawakuulizwa nani akae ndani yake.

Uhuru ulipokuja, utemi uliondolewa kwa sheria mwaka 1963, na halmashauri za wilaya zikashika mahali pa watemi. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa wabunge chini ya chama kimoja, iliwekwa kanuni iliyogusa sana miji kama Tinde: wagombea wawili wasimame pamoja mbele ya watu, wasitaje kabila, wala dini, wala rangi, na waseme Kiswahili. Kila mmoja alipewa alama, jembe au nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Kanuni ya lugha ilikuwa na hekima. Nchi yenye makabila zaidi ya mia moja, kama kila mgombea angesema lugha ya mama yake, aliyekuja na barabara angekuwa mgeni daima mahali anapolipa kodi. Hata maadili ya uchaguzi ya miaka ya karibuni, kama 2015 na 2020, yaliishika kanuni hiyo: mgombea aseme Kiswahili, na mahali wasipokifahamu awekwe mkalimani.

Kisha madiwani wakatoweka. Mwaka 1972 serikali ilivunja halmashauri za wilaya ikaweka watumishi wake mahali pao. Sheria mpya zilipitishwa 1982, na halmashauri zikarudi 1984. Muda huo vijiji vilihamishwa na kupangwa upya, na wizi wa ng'ombe ukazidi. Ndipo, mnamo 1981 na 1982, yalipozuka sungusungu katika Shinyanga, Kahama na Nzega. Twaomba msomaji alitazame jambo hili kwa makini. Watu waliokaa miaka kumi bila diwani walijichagulia wakubwa wenyewe kijiji kwa kijiji, nao hawakuwaita madiwani. Walimwita mkubwa wao ntemi, cheo kilichofutwa na sheria karibu miaka ishirini nyuma. Na kando yake wakamweka katibu, kwa jina la Kiswahili, maana kuandika kulikuwa kazi ya lugha ile. Adhabu yao kubwa ilikuwa kumtenga mtu, kama vijana wa nsumba ntale walivyofanya. Hatusemi kazi yao ilikuwa safi yote. Walioonewa walikuwako, na katika nchi hii vikongwe wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, pengine kwa sababu ya macho mekundu tu, ambayo ni kazi ya moshi wa jikoni. Lakini kwa mwenye kuchunguza desturi, sungusungu ni ushahidi: lugha iliyofungiwa nje ya baraza ilijenga baraza lake.

Uchaguzi wa kwanza wa madiwani chini ya vyama vingi ulifanywa Oktoba 1994, na toka 2000 umefanywa pamoja na ule wa Rais na wabunge. Mgombea hana budi kuletwa na chama. Hakuna asimamaye peke yake. Hivyo kabla ya kufika mbele ya watu wa kata yake amekwisha kupita mbele ya wakubwa wa chama, na huko pia maneno ni ya Kiswahili.

Sasa basi, mkutanoni, shida iko wapi? Iko kwa mkalimani. Maneno ya siku hizi ya udiwani hayana ndugu katika Kisukuma cha shambani: bajeti, ruzuku, ushuru wa mazao, mapato ya ndani. Mgombea akisema kwamba halmashauri hubakiza sehemu ya ushuru, mkalimani aweza kueleza kwamba fedha itarudi kijijini, au kwamba fedha imeliwa. Na kina mama waliokaa chini ya mwembe hawana njia ya kujua ni lipi lililosemwa. Kwa kawaida mkalimani hutoka upande wa mgombea mwenyewe. Twaona hilo halifai. Yafaa awe mtu aliyekubaliwa na pande zote kabla ya mkutano, na maneno magumu yaafikiwe mapema, kama sisi tutafsirio vitabu tunavyokaa pamoja juu ya neno moja asubuhi nzima. Kazi hii ya kutafuta maneno walimu wangeweza kuisaidia bila kuingia katika chama cho chote.

Wagombea wenye akili wamekwisha kuiona njia nyingine. Husema Kiswahili jukwaani kama kanuni itakavyo, kisha hushuka, huinama, huamkia wazee kwa Kisukuma, huulizwa ni mwana wa nani, na akijibu vema huulizwa habari za kisima kilichokauka na za njia isiyopitika masika. Ahadi zitolewazo hapo haziandikwi na katibu ye yote, nazo ndizo akina mama wale watakazomdai.