Vitenzi vya Mwenye Bunduki

Majina mengi ya silaha tumeyapokea kutoka ng'ambo. Vitenzi vingi ni vyetu. Bunduki ni ya Waarabu, na wao walianza na kitu cha kuliwa: bunduq ni kokwa la duara, kubwa kama gololi, lililobeba jina la Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi. Kokwa likakipa jina kijipira kilichorushwa kwa upinde, kijipira kikakipa jina chombo kinachorusha. Risasi kwa asili ni yale madini mazito ya kijivu, rasas. Bastola ina sauti ya pistola, neno la Wareno na la Waitalia vilevile, na Mwitaliano wa Malindi hahitaji kufasiriwa. Mzinga ndio wa nyumbani: gogo lililotobolewa likatundikwa mtini nyuki waingie, kama wanavyotundika Wamijikenda hadi leo, na jina hilohilo ndilo lililopewa mdomo wa chuma wa merikebuni na ngomeni.

Lakini sheria haimkamati mtu kwa nomino. Humkamata kwa kitenzi. Alifanya nini na hiyo bunduki? Aliimiliki, aliibeba, aliifutika, aliisafirisha, aliiazimisha, aliichomoa? Mwenye bunduki wa Kilifi au Malindi asiyetofautisha vitenzi hivi anaweza kuvunja sheria huku cheti halali kimo mfukoni. Kwa hiyo nakuita, msomaji mwenzangu katika ulinzi wa lugha hii, tuvikalie kitako.

Kwanza jina la jumla, maana tumepewa bovu. Silaha ni neno pana: panga ni silaha, rungu ni silaha, mshale wenye sumu ni silaha. Waliotaka kulibana wakatuletea "silaha za moto", nami silikubali. Kwa masikio yetu kitu cha moto ni chakula kilichoepuliwa sasa hivi. Sheria ya Kenya kuhusu bunduki, Sura ya 114, ya mwaka 1953, inapofafanua chombo hiki huanzia kwenye mtutu: silaha ya kuua yenye mtutu unaoweza kutoa risasi. Basi na tuseme silaha ya mtutu. Ufafanuzi huo unaingiza hata kiungo kimoja cha silaha, kwa hiyo aliyebeba mtutu peke yake bila kitako wala risasi bado yumo ndani ya sheria, na jina jipya litamkumbusha. Wazee waliuita mtutu kasiba, neno la Kiarabu la mwanzi. Ni zuri, ila mtutu latosha.

Sasa kumiliki, kitenzi kinachonisumbua kuliko vyote.

Magazetini na kwenye korido za mahakama tunasoma "kumiliki bunduki kinyume cha sheria". Kumiliki ni kitenzi cha mwenye mali. Mzizi wake ndio wa milki na mamlaka na maliki. Anayemiliki shamba la minazi Takaungu ana haki ya kuliuza. Sheria lakini haisemi hivyo. Inamkataza mtu asiye na cheti kununua, kupata, au kuwa na silaha, na katika hayo matatu, hilo la mwisho ndilo kubwa. Chukulia kijana anayetoka Mtwapa kwenda Watamu, chini ya kiti cha gari mna bastola ya shemeji yake. Akisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani atasema, "Afande, si yangu, namchukulia shemeji." Masikioni mwa Kiswahili huo ni utetezi mzuri: hamiliki. Masikioni mwa sheria amekiri kosa, maana anayo.

Makarani wa mahakama hulisikia pengo hilo, ndiyo maana husema "alipatikana na bunduki". Ni afadhali, ila neno hili nalo lina dosari, kwa kuwa linaweka kosa kwenye kupatikana. Mtu aweza kudhani kwamba asipopatikana hana kosa. Kosa lilianza alipoiweka chini ya kiti, polisi wawepo au wasiwepo.

Mafakihi wa Kiislamu walilitatua jambo hili zamani. Walitenganisha milki na mkono: mali aweza kuwa nayo mtu mkononi na isiwe yake. Lakini "mkononi" kwa Kiswahili huleta picha ya vidole, na bunduki iliyomo kabatini haishikwi na mtu. Ninapendekeza himaya. "Kuwa na silaha ya mtutu katika himaya yako pasi na cheti." Himaya ni ulinzi, na kilicho katika himaya yangu huenda si changu kabisa, ila mimi ndiye ninayeulizwa. Tena neno linatangulia na wajibu: sheria hiyohiyo ya bunduki humtaka mwenye silaha aihifadhi mahali salama asipofikia asiyehusika. Kumiliki kunampa mtu haki tu. Himaya inamdai kazi.

Nimesema cheti, na wengi wenu mnasema leseni. Tuvitenganishe. Hati anayopewa raia na bodi inayotoa vyeti hivi inataja silaha fulani, kwa aina yake na namba yake. Haimpi mtu sifa ya kuwa mwenye bunduki, kama leseni ya udereva inavyomruhusu mtu kuendesha gari lolote la daraja lake. Aliyezoea kuita hati hii leseni hufikiria kwa mkondo huo wa madereva: mimi nina leseni, basi naweza kubeba na ya kaka. Hawezi. Cheti, neno tulilolipata kutoka Bara Hindi, kwa asili ni barua fupi, kikaratasi chenye habari maalumu, na ndivyo hati hii ilivyo. Leseni tuwaachie madereva na wenye maduka.

Kibali ni kitu cha tatu. Kimetoka kwenye kukubali, na watu wa pwani bado husema fulani ana kibali, kwa maana ya kwamba anapendeka, anapokewa. Tukiweke kwa ruhusa ya muda na ya jambo moja: kuingiza silaha nchini, kuitoa, kuwa nayo kwa shughuli iliyotajwa. Cheti ni cha kukaa nayo, kibali ni cha jambo lenye mwisho.

Hapa kuna johari. Kamusi za zamani zinatuambia kwamba kiasi, mbali na kipimo, kilikuwa pia jina la risasi kamili pamoja na ganda na baruti yake, kwa sababu baruti ilikuwa imepimwa tayari. Bunduki inayolishwa nyuma iliitwa bunduki ya viasi. Cheti cha leo husema mwenyewe aruhusiwa kuwa na risasi ngapi. Kiasi cha viasi! Neno hilo lirudi. "Risasi" tunalitumia kwa ganda zima, kwa kipande cha madini kinachoruka, na kwa madini yenyewe, na mtu akiambiwa asizidishe risasi hana budi kuuliza ipi. Kwa cheti tuseme viasi. Kinachoruka kibaki risasi.

Lugha ya bunduki za zamani ilikuwa na ukali huo wa kupambanua hata kabla ya dola kuandika sheria. Gumegume ilikuwa bunduki ya jiwe la kutoa cheche. Bunduki ya fataki ilitumia kifuniko kidogo chenye kilipuzi, jina ambalo leo limebaki kwa watoto siku za sikukuu. Na tofauti hizo zilikuwa na uzito wa kisheria: Mkataba wa Brussels wa 1890, uliotungwa dhidi ya biashara ya watumwa, ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika eneo la Afrika kati ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini, pwani yetu ikiwa katikati, lakini ukaacha mwanya kwa gumegume na baruti ya kawaida. Mfanyabiashara wa Malindi wa zama hizo asiyejua jina sahihi la mzigo wake hakujua kama mzigo huo ni halali.

Tuje kwenye kubeba. Kubeba kunaonekana. Anayebeba ana mzigo begani au mgongoni na watu wanauona. Bunduki ndefu hubebwa. Bastola haipaswi kubebwa hivyo, na mamlaka nchini imewaonya wenye vyeti mara kwa mara dhidi ya kuonyesha bastola hadharani. Sasa tuna neno gani kwa silaha iliyo mwilini na isiyoonekana? Wengine husema "kubeba kwa kificho", fungu la maneno lililochoka kabla ya kuanza safari, tena lenye harufu ya uhalifu.

Tunalo neno, tena zuri: kufutika. Ni kutia kitu katika kikunjo cha nguo kiunoni. Bibi anafutika noti katika pindo la leso, mzee anafutika tambuu katika kikoi. Anayefutika hafichi kwa nia mbaya. Anaweka kitu karibu na mwili pasipo macho ya watu. Hiyo ndiyo hali anayotakiwa kuwa nayo mwenye bastola sokoni Malindi au kwenye matatu ya Kaloleni. Najua utaniuliza: je, halitachanganywa na kufutika kwa maandishi ubaoni? Sarufi inatulinda. Kufutika huku kuna yambwa: ameifutika, bastola imefutikwa. Maandishi hayawezi kufutikwa.

Kinyume cha kufutika, kwa mwenye silaha, ni kuchomoa. Lisikilize pamoja na ndugu yake: chomeka, chomoa. Kiambishi kimoja kinapindua tendo zima, kama katika fyata na fyatua: kufyata ni kubana, kufyatua ni kuachia kilichobanwa, mtego au risasi. Mahakama ingefaidika na ngazi hii ya vitenzi, maana katika ugomvi wa baa swali ni alifika wapi: alikuwa ameifutika, aliichomoa, au aliifyatua? "Alitumia bunduki" halijibu kitu. Aliyeichomoa amekwisha kuwatisha watu, hata kama risasi haikutoka.

Safari ndiyo inayowaponza wengi. Sheria husema kusafirisha, na kauli hii ya kutendesha ina maana yake: nakifanya kitu kisafiri, huenda mimi nimebaki. Kusafirisha ni kwa mzigo, na kwa silaha neno limekwisha kuchafuka kwa magendo. Uchukuzi una mchukuzi ndani yake, mtu anayebeba cha mwenzake kwa ujira. Mwenye cheti anayetoka Kilifi kwenda Nairobi na bastola yake halali hafanyi lolote kati ya hayo. Anasafiri nayo. Hilo "na" dogo linamfunga msafiri na kitu chake: asipokiacha, hakitamwacha. Siku atakapompa kondakta wa basi sanduku lililofungwa ili limfuate kesho, amehama kitenzi, ameanza kusafirisha, na silaha imeingia katika himaya ya mtu asiye na cheti.

Hata kusafiri nayo kuna mahali kunakogeuka kuwa kitendo kingine. Anayetoka Malindi kwenda Voi kwa njia ya ndani, kupitia lango la Sala, anaingia Mbuga ya Tsavo Mashariki. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kuingiza silaha katika hifadhi bila idhini, na haichagui: bunduki, mshale, mkuki na mtego vyote vimo. Dereva anasema "napita tu". Kupita, kwa sheria, ni kuingia kwanza na kutoka baadaye, na kosa hutimia pale pa kuingia. Vivyo hivyo kwa anayekwenda harusini Tanga kupitia Lunga Lunga: cheti cha Kenya kimeishia mpakani, na Tanzania ina sheria yake ya silaha ya mwaka 2015. Upande huu anaitoa, upande ule anaiingiza, na kila kitenzi kinadai kibali chake.

Kuazimana nako kusipite bila kutajwa. Kwetu jirani huazima jembe, ngazi, hata gari, na anayekataa ataitwa mchoyo. Sheria inaweka kuazimisha silaha katika fungu moja na kuiuza na kuitoa zawadi: zote ni kuihamisha kutoka himaya moja kwenda nyingine. Kwa hiyo atakayeombwa bastola "ya usiku mmoja, nalinda mifugo" aweza kujibu kwa heshima kwamba kitu hiki hakiazimwi.

Desemba 2018 serikali iliamuru wenye silaha wote wahakikiwe upya, na vyombo vya habari vikasema wanapigwa msasa. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Sitaki tupoteze neno hata moja kati ya haya mawili. Uhakiki uwe wa karatasi na namba ya silaha: je, ni hakika? Msasa uwe wa mtu: tabia yake, hasira zake, ulevi wake. Cheti hakipigwi msasa, na mtu hahakikiwi kama risiti.

Limebaki moja, la uwanja wa ndege wa Malindi. Msafiri mwenye silaha hutakiwa kuliambia shirika la ndege mapema, kisha aikabidhi ikiwa tupu, viasi vikiwa mbali nayo. Maelekezo mengine husema "atangaze". Kutangaza ni kwa mpiga mbiu, ni kuwaambia wote, na mtu akisimama katikati ya abiria akatangaza kwamba ana bastola atasababisha mbio za kuvunja milango. "Kukiri" nalo ni la mkosaji. Tuandike aarifu. Kuarifu ni kumjulisha anayepaswa kujua, kwa sauti ya kawaida, kwenye kaunta, cheti kikiwa mezani kabla hajaulizwa.