Upepo umeezua paa: jinsi ya kumpata fundi wa kuaminika

Kusi ya masika ikivuma na mvua, kuna nyumba huamka bila mabati. Asubuhi yake, kabla godoro halijakauka, hupiga hodi kijana mwenye nyundo akisema ana nafasi leo tu. Si kila anayekuja hivyo ni tapeli, lakini pupa ya siku hiyo imewapotezea wengi pesa zao.

Funika kwa turubai, piga picha za palipoharibika, kisha tafuta fundi. Waulize majirani ambao paa zao zimestahimili masika mawili matatu ni nani aliyeziezeka. Fundi wa kweli hakasiriki ukitaka kuona kazi yake ya zamani. Cheti cha NITA au usajili wa NCA ni nyongeza nzuri, ingawa mafundi wengi hodari mitaani hawana karatasi yoyote.

Muulize kwa nini paa liling'oka. Akianza kuhesabu mabati bila kupanda kuangalia mbao, mwache aende zake. Mara nyingi bati halina kosa: ni mchwa waliokula mbao, misumari iliyoliwa na kutu kwa chumvi ya bahari, au kenchi ambazo hazikufungwa ukutani. Anayeijua kazi hupiga msumari kwenye mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita, na huanza kutandika upande usiopigwa na upepo ili midomo ya maungio isiukabili. Geji nayo huwachanganya wengi. Namba ikipanda, bati huwa jembamba, kwa hivyo ukilipia geji 28 ukaletewa 32 umepunjwa.

Makuti ni ufundi mwingine kabisa, usimpe fundi wa mabati. Yahesabu mwenyewe yanaposhushwa, na uangalie yanavyobanana: yakiachana sana yatavuja hata yakiwa mapya.

Vifaa nunua mwenyewe, stakabadhi ubaki nayo. Fundi mlipe ufundi wake kwa hatua, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka mvua moja inyeshe. Wengi hawalipendi sharti hili, mimi ningelishikilia. Andikeni makubaliano, hata kwenye karatasi ya daftari, yenye kazi, bei, siku ya kumaliza na namba ya kitambulisho chake, mzee wa mtaa akiwa shahidi. Lipa kwa M-Pesa ili rekodi ibaki.

Akitoweka na pesa, usiishie kulalama barazani. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Hapo ndipo zile picha, karatasi ya daftari na ujumbe wa M-Pesa vitahitajika.