Bustani ya Jeevanjee na maana ya neno 'umma'

MAJUZI niliketi kwenye benchi katika Bustani ya Jeevanjee, katikati mwa jiji la Nairobi, pamoja na mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili. Nikamwuliza kama anajua Jeevanjee alikuwa nani. "Prof, mimi nilidhani ni jina la stendi ya matatu," akanijibu. Tulicheka, ila moyoni nilisononeka. Mja hawezi kukilinda kitu ambacho hajui kilikotoka.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka wa 1856. Alitajirika kwa zabuni za kuleta vibarua na chakula cha wajenzi wa reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda. Ndiye pia aliyeanzisha gazeti la African Standard kule Mombasa, mzazi wa The Standard la leo. Mwaka wa 1906 aliwapa wakazi wa Nairobi bustani hii. Ndani yake iliwekwa sanamu ya Malkia Victoria, nayo ilizinduliwa na mwanawe malkia huyo, Mtawala wa Connaught. Hebu tafakari, msomaji: zawadi ya Mhindi, sanamu ya malkia Mwingereza, katika mji ambao jina lake ni la Kimaasai lenye maana ya maji baridi.

Neno 'bustani' lenyewe lina asili ya Kiajemi, yaani mahali penye harufu nzuri. Hata hivyo, neno linalonishughulisha leo ni 'umma', ambalo tulilipata kutoka Kiarabu. Kamusi zetu hulifafanua kuwa ni watu wote wa jamii fulani. Lakini je, mnamo 1906 watu wote ni akina nani?

Miaka minne kabla ya hapo, ugonjwa wa tauni ulipozuka, wakuu wa mji waliteketeza soko la Wahindi. Jeevanjee mwenyewe, licha ya mali yake na kuwa Mhindi wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, alilazimika kulalamika hadharani jijini London mwaka wa 1910 kuhusu ubaguzi waliotendewa watu wake. Na Mwafrika? Huyo kuanzia 1920 alitembea na kipande kilichoning'inia shingoni ndani ya kijikopo cha bati. Neno la kawaida kabisa, 'kipande', likageuka kuwa pingu. Bustani ilikuwa ya umma, sawa, lakini umma wenyewe ulikuwa na madaraja.

Sasa turuke hadi 1991. Nilikuwa mhadhiri chipukizi uongozi wa jiji ulipoleta mpango wa kujenga jengo la maegesho ya magari mahali hapa. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alijitokeza kupinga. Profesa Wangari Maathai, ambaye mwaka wa 1989 alikuwa amepinga ujenzi wa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru, akamuunga mkono. Mpango ule ukafa.

Ningependa kujigamba kwamba nilikuwa miongoni mwao. Sikuwa. Mwenzangu mmoja kazini alinihimiza twende, nami nikamjibu, "Kwani shamba ni letu? Si ni la umma tu?" Ukweli ni kwamba niliogopa. Lakini tazama nilivyoitumia lugha kujifichia! Kinywani mwangu 'la umma' lilimaanisha 'lisilo na mwenyewe'. Hiyo ndiyo maana wanayoipenda wanyakuzi wa ardhi, nami msomi wa Kiswahili niliwakabidhi bila malipo.

Leo Kifungu cha 61 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote ya Kenya ni ya Wakenya, na cha 62 kinaeleza ardhi ya umma ni ipi. Ni maneno mazuri. Hata hivyo, walioyatia uhai ni hawa wanaoketi hapa: wahubiri wa saa saba mchana, vibarua waliokosa kazi wakinyoosha miguu, na wanachama wa Bunge la Mwananchi, ambao kwa miaka mingi wamejadili chini ya miti hii bei ya unga na mienendo ya wakubwa. Hao hawasemi 'ni ya umma tu'. Husema 'ni yetu'.

Mwaka wa 2015 sanamu ya Victoria ilikatwa kichwa. Simlilii malkia. Walakini sikushangilia, maana tukifuta kila alama ya mkoloni, mwanafunzi wangu atauliza nini?

Kabla hatujaagana nilimwonyesha barabara zinazopakana na bustani. Moi Avenue, zamani Government Road. Muindi Mbingu, jina la aliyewaongoza Wakamba hadi Nairobi mwaka wa 1938 wakipinga kunyang'anywa mifugo. "Na huyo pia nilidhani ni stendi," akasema kwa haya. Nikampa kazi ya muhula: aandike historia ya majina hayo yote, kwa Kiswahili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya umma ndiyo hupotea upesi zaidi.