Awara na Watazamaji wa Unguja

Tangu mwaka wa 1921, Royal ilipofunguliwa, mji wa Unguja ulikuwa na jumba la fahari la sinema. Lakini uhai wa sinema haukai katika kuta. Hukaa katika mazungumzo ya watu watokao humo, na katika miaka ya 1950 filamu iliyozungumzwa sana ilikuwa Awara, aliyoitengeneza Raj Kapoor mwaka 1951.

Wengi hawakujua Kihindi. Aliyejua alimnong'oneza jirani yake. Aliyekosa mkalimani alisoma nyuso na kushika nyimbo. Kisa chenyewe kilieleweka upesi. Hakimu Raghunath, aaminiye kwamba mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi, amfukuza mkewe mjamzito kwa shaka tu. Jagga, aliyehukumiwa na hakimu huyo kwa sababu ya ukoo wake, amlea mtoto katika wizi. Na siku moja asimamaye kizimbani, kwa kutaka kumwua hakimu, ni damu ya hakimu mwenyewe. (Hakimu aliigizwa na Prithviraj, baba mzazi wa Raj Kapoor.)

Katika mji ambao nasaba ya mtu huulizwa kabla ya tabia yake, swali la damu na malezi halikuwa mchezo. Wala mke aliyefukuzwa bila ya kusikilizwa hakuwa mgeni kutoka Bombay, mitaa ilimjua. Filamu ilimpeleka mwana kifungoni, ikamwacha baba huru pamoja na majuto yake. Je, adhabu hizo zililingana?