Padri aliyeukausha mpunga

Sisi watu wa mjini tunaujua mchele ukiwa tayari ndani ya gunia. Tunabishana na muuzaji juu ya bei ya kilo, basi. Mpunga wenyewe ulivyolimwa si habari yetu. Juma hili redioni nilizungumzia padri mmoja Mfaransa aliyeongeza mavuno kwa kupunguza vitu: mbegu chache, miche michache, maji kidogo.

Jina lake Henri de Laulanié. Alisomea kilimo kabla ya upadri, na mwaka 1961 shirika lake la Wajesuti lilimpeleka Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini. Huko wali ndio chakula, lakini hekta moja mara nyingi ilitoa kama tani 2 tu za mpunga. Padri hakuja na mbegu ya ajabu. Alizunguka mashambani akiwatazama wenyeji. Hapa aliwakuta wanaopandikiza mche mmoja mmoja, pale wanaoacha majaruba yakauke kidogo, naye akayaweka moyoni.

Mwaka 1983, karibu na Antsirabe alikokuwa akifundisha vijana kilimo, msimu uliwabana. Miche kitaluni ilikuwa na siku 15 tu, ilhali desturi ilikuwa kungoja mwezi au zaidi. Wakaipandikiza hivyo hivyo, mmoja mmoja, ikiachana sentimita 25. Mwanzoni shamba lilitia huruma. Baadaye kila shina likachipua machipukizi mengi kuliko walivyozoea kuona.

Siri iko chini ya udongo. Mche mchanga hupona upesi ukihamishwa, na mizizi isiyozama majini siku zote hupata hewa, ikaenda chini. Mpunga huvumilia maji, lakini si samaki! Mbolea nayo ina kisa chake: mwanzoni padri alitumia ya viwandani, lakini ruzuku ya serikali ilipoondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980, akageukia mboji, na udongo ukaipokea vizuri.

Padri alifariki mwaka 1995. Kufikia hapo Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kilikuwa kimeanza kazi na wakulima wa Ranomafana, na zikatangazwa habari za tani 8 kwa hekta. Mbinu ikavuka bahari hadi Asia, ikafika Mwea nchini Kenya mwaka 2009, na Mkindo mkoani Morogoro. Mwaka 2004 wataalamu wengine wa mpunga waliandika kwamba mavuno yale makubwa mno hayakuthibitishwa ipasavyo.

Mimi naona ubishi huo wa tani ulifunika jambo zito zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa huko huko Madagaska wakulima wengi walioijaribu mbinu hii waliiacha, hasa maskini. Maji yakipungua magugu huota, na palizi hutaka mikono. Kupandikiza na kupalilia huangukia miezi ile ya njaa, ghala likiwa tupu. Shamba linaahidi magunia baada ya miezi kadhaa, watoto wanataka kula leo. Basi baba na mama wanabeba majembe kwenda kufanya kibarua katika shamba la jirani, na jaruba lao linabaki na magugu.